Kufundisha Sayansi Pasipo na Maabara: Hotuba kwa Walimu na Wazazi wa Namuwongo



Jambo lililowekwa mbele ya mkutano huu ni mafunzo ya sayansi, na namna mwalimu wa mtaa kama Namuwongo awezavyo kuyatoa hata kama shule yake haina maabara, haina bomba la maji karibu na darasa, na ina watoto themanini katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini. Huenda wako watakaosema kwamba hili ni neno la walimu peke yao, halimhusu mzee mwenye duka wala mama anayechoma chapati kando ya reli. Kabla ya mwisho wa maneno haya itadhihirika kwamba linawahusu wote, na pengine linamhusu mama wa chapati kuliko mtu mwingine ye yote.

Namuwongo imekaa bondeni, kusini-mashariki ya katikati ya mji wa Kampala. Upande mmoja kuna kilima cha Kibuli na msikiti wake mashuhuri, uliofunguliwa mwaka 1951. Upande wa pili kuna Muyenga, kilima cha matangi ya maji. Na huku chini yapita njia ya reli na mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo huchukua maji ya mvua na taka za sehemu kubwa ya mji, huyapitisha katika kinamasi, kisha huyamwaga katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, ndiko yavutwako maji ya kunywa ya mji, yakasafishwa, yakasukumwa hata juu Muyenga, yakateremka tena majumbani. Mvua kubwa inyeshapo, maji ya mfereji hufurika na kuingia katika nyumba za bondeni, na pamoja nayo huja maradhi ya kuhara.

Basi mtoto wa Namuwongo amezungukwa na mambo ya sayansi tangu aamkapo hata alalapo. Lakini mara nyingi mtoto huyo huyo, akiulizwa darasani maana ya kuchuja maji, ataitaja kwa Kiingereza safi, neno kwa neno kama alivyoinakili ubaoni. Kisha kengele ya mapumziko ilie, aende akanywe maji ya chemchemi yasiyochemshwa kwa sababu yaonekana meupe. Mtoto huyo amehifadhi maneno, ilimu hajaipata. Wazee walinena kwamba ilimu bila ya amali ni kama mti usiozaa matunda. Na mahali ambapo maji machafu yapita mlangoni, mti usiozaa ni hatari kwa nyumba nzima.

Serikali ya Uganda iliyafanya masomo ya biolojia, kemia na fizikia kuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya chini katikati ya miaka ya 2000. Amri ilitoka, bali maabara hazikuota pamoja na amri. Shule nyingi ziliendelea kufundisha sayansi kwa chaki na ubao tu. Mwaka 2005, kwa msaada wa Japani, ulianzishwa mpango wa kuwafunza upya walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari, uitwao SESEMAT, uliofuata mfano wa mpango kama huo ulioanza Kenya mwaka 1998. Nguzo za mpango huo zilikuwa nne: kazi ya vitendo, mwanafunzi kuwa ndiye mtendaji, majaribio, na kutumia vitu vya karibu badala ya vile vya dukani. Na mwalimu alitakiwa apange, atende, atazame matokeo, kisha arekebishe. Kisha mwezi wa Februari 2020 ulianza mtaala mpya wa sekondari ya chini, ambao wanafunzi wake wa kwanza walifanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Katika mtaala huo kazi ya darasani na miradi ya wanafunzi huhesabiwa pia, haiachwi karatasi ya siku moja iamue kila kitu. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwa vitendo siku hizi haibi wakati wa mtihani. Anautumikia mtihani wenyewe.

Kabla ya kutaja majaribio yenyewe, yafaa kulitazama jambo moja ambalo halinunuliwi kwa fedha, nalo ni namna mwalimu anavyolipokea swali la mtoto. Afrika ya Mashariki ina kisa chake kinachojulikana ulimwenguni kote. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika friji. Siku moja nafasi katika friji ilikuwa chache, Mpemba akaharakisha, akayatia maziwa yake yangali moto, karibu na ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa. Yale ya moto yakaganda kwanza. Akamwuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na swali lake likageuzwa mzaha wa darasa.

Mpemba hakuacha. Alipokuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa fizikia Denis Osborne, kijana akasimama mbele ya watu akamwuliza swali lile lile. Wenzake walicheka. Osborne naye aliona ajabu, lakini hakumdharau. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari zao pamoja, na tangu hapo jambo hilo limeitwa kwa jina la Mpemba. Hata leo wataalamu hawajapatana: wengine husema lipo kwa masharti maalumu, wengine wamelipima wasilione. Lakini mafunzo yake kwa mwalimu ni wazi. Waliomcheka hawakulijaribu; aliyelijaribu hakumcheka. Swali la mtoto likija darasani, jibu la kwanza la mwalimu mwema ni neno moja: "Tutajuaje?" Kwa neno hilo mtoto hufunguliwa mlango, na mwalimu hana haja ya kujifanya mjuzi wa kila kitu.

Na jambo la pili lisilo na gharama ni kunyamaza. Mchunguzi mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu huwaachia watoto baada ya kuwauliza swali. Akaona kwamba wengi hawangoji zaidi ya sekunde moja, kisha hujibu wenyewe au humwita mtoto mwingine. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu tu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, waliokuwa kimya walianza kusema, na maswali ya watoto wenyewe yakaongezeka. Mwalimu akiuliza, na ahesabu moja, mbili, tatu moyoni. Sekunde tatu hazikosekani katika shule yo yote, iwe tajiri au maskini.

Sasa na yatajwe majaribio yenyewe. Utaratibu wake wote ni mmoja, nao una hatua tatu: kubashiri, kutazama, kueleza. Kwanza kila mtoto huandika anavyodhani kitakachotokea, na sababu yake. Pili jaribio hufanywa, na watoto huandika walichokiona, si walichotamani kukiona. Tatu hulinganisha ubashiri na matokeo, wakatafuta maelezo. Mtoto aliyebashiri vibaya asicheke wala asichekwe, maana yeye ndiye aliyepata faida kubwa zaidi: ameingia na dhana moja, ametoka na nyingine iliyo bora.

Jaribio la kwanza ni la maji. Chupa ya plastiki hukatwa kitako, ikageuzwa mdomo chini, ukazibwa kwa pamba au kitambaa safi. Juu yake huwekwa makaa yaliyopondwa, kisha mchanga ulioosheka, kisha changarawe. Maji hutibuliwa kwa udongo safi wa bustani, wala watoto wasipelekwe mferejini kuteka. Makundi mbalimbali hupanga tabaka zao kwa namna mbalimbali, wakashindana ni nani atakayepata maji meupe zaidi. Watoto watafurahi, na furaha hiyo ni nzuri. Lakini hapo ndipo mwalimu aulize swali la siku: "Maji haya yananyweka?" Wengi watajibu ndiyo. Jibu la kweli ni la. Mchanga umezuia tope. Viini vya maradhi ni vidogo mno, na chujio la chupa haliviondoi vyote. Maji meupe si lazima yawe maji salama. Mtoto wa bondeni akilishika neno hilo moja tu katika mwaka mzima wa masomo, mwaka wake haukupotea.

Kutoka hapo mwalimu huendelea na njia za kuyafanya maji yawe salama. Kuchemsha yajulikana. Njia nyingine ni ya jua: maji yaliyokwisha kuwa maangavu hutiwa katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikalazwa juani kwa muda wa saa 6, na siku ya mawingu mengi ikaachwa siku 2 mfululizo. Mionzi ya jua pamoja na joto lake huua viini. Njia hii ilichunguzwa huko Beirut na Aftim Acra na wenzake, ikaendelezwa baadaye na wataalamu wa Uswisi. Watoto waulizwe: kwa nini chupa iwe safi na isiyo na rangi? Kwa nini maji ya tope hayafai? Majibu yao yataonyesha kama wameelewa kwamba nuru yenyewe ndiyo ifanyayo kazi, na tope huizuia.

Jaribio la pili ni la matangi ya Muyenga. Kopo refu hutobolewa matundu matatu yaliyo sawa kwa ukubwa, moja karibu na juu, moja katikati, moja karibu na chini, yakazibwa kwa vidole. Kopo hujazwa maji, watoto wakabashiri ni tundu lipi litakalorusha maji kwa nguvu zaidi. Vidole viondolewapo, la chini hutoa maji kwa nguvu kuliko yote, maana limebeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Ndipo mwalimu awatoe nje, awaonyeshe kilima, na kuwauliza kwa nini wahandisi waliyaweka matangi kule juu, si huku bondeni. Mtoto atakayejibu swali hilo ameielewa kanuni ya kanieneo la maji bila ya kuikariri.

Jaribio la tatu ni la kivuli, nalo laweza kufanywa katika uwanja wa shule au wa msikiti. Kijiti cha urefu wa mita 1 husimikwa wima mahali palipo sawa. Kila baada ya dakika 10 tangu saa sita mchana watoto huweka alama mwisho wa kivuli, wakapima urefu wake. Kabla ya kuanza waulizwe kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Karibu wote watasema saa sita kamili. Watashangaa kuona kwamba kivuli chaendelea kufupika, na kwa kawaida hufikia mwisho wake karibu na saa saba kasoro dakika kumi. Sababu ni hii: saa ya Afrika ya Mashariki imewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 za mashariki, na Kampala iko karibu nyuzi 32 na nusu. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika 4. Tofauti ya nyuzi 12 na nusu basi ni dakika 50. Wakilifanya jaribio hilo mwezi wa Februari wataona kivuli kifupi baada ya saa saba, na mwanzo wa Novemba wataona mapema, karibu na saa 6 na dakika 33, kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua hauko sawa mwaka mzima, na mhimili wake umelala. Hapo mtoto ataelewa kwa nini wakati wa Adhuhuri haubandikwi tu kwenye saa sita ya ukutani.

Tena, kwa kuwa Kampala iko karibu sana na Ikweta, mwezi wa Juni kivuli cha mchana huanguka kusini, na mwezi wa Desemba huanguka kaskazini, kila mara kikiwa na urefu upatao sentimita 43 au 44 kwa kijiti cha mita 1. Mwishoni mwa Machi na Septemba karibu kitoweke. Na anayetaka wakati wa Alasiri kwa madhehebu ya Imamu Shafi atapima kivuli kilichozidi kile cha mchana kwa urefu wa kijiti chenyewe. Walimu wa madrasa wameifundisha hesabu hii tangu zamani. Mwalimu wa sayansi ana haja tu ya kukaa nao pamoja. Na liko jambo jingine ambalo watoto hawatalisahau. Siku ya 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na siku ya 16 Julai, saa 6 na dakika 27, jua huwa juu kabisa ya Makka. Saa za Kampala na za Makka ni moja. Dakika hiyo, mtoto akisimama Namuwongo akatazama kinyume cha kivuli chake, ameelekea kibla, ambacho kutoka hapa ni nyuzi zipatazo 18 mashariki ya kaskazini. Darasa lenye dira na lilinganishe vipimo viwili hivyo. Ila waonywe kwa ukali: jua lenyewe halitazamwi kwa macho; kinachotazamwa ni kivuli.

Jaribio la nne lahusu nuru, na historia yake ni fahari kwa jumuiya hii. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliikuta hoja ya kale isemayo kwamba jicho hutoa mionzi ikavigusa vitu. Yeye hakuridhika kwa kuwa wakubwa walisema. Alitumia chumba cha giza chenye tundu dogo, akaweka taa kadhaa nje mbele ya tundu hilo. Kila taa ilitoa doa lake la nuru ndani, na taa moja ilipofunikwa, doa lake peke yake lilitoweka, mengine yakabaki mahali pake. Akathibitisha kwamba nuru husafiri kwa mistari iliyonyoka, na kwamba nuru ya taa moja haichanganyikani na ya nyingine tunduni. Aliandika mambo ya nuru na kuona katika Kitab al-Manazir, kitabu kilichotafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Jaribio hilo laweza kufanywa kwa boksi la viatu. Upande mmoja hutobolewa tundu kwa sindano, upande wa pili hukatwa dirisha likabandikwa karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta. Mishumaa mitatu huwashwa na mwalimu mwenyewe, mbele ya tundu, katika chumba chenye giza. Watoto wabashiri: ukifunikwa mshumaa wa kulia, doa lipi litapotea? Wengi watasema la kulia. Litapotea la kushoto, nao wataona pia kwamba ndimi za moto zimepinduka kichwa chini. Mtoto wa Namuwongo atakuwa ametenda kwa boksi la viatu aliyoyatenda mwanachuoni wa Basra miaka elfu moja iliyopita, na akafikia hukumu ile ile.

Jaribio la tano ni la kemia ya jikoni. Maua mekundu yaliyokaushwa ya karkade hutiwa katika maji ya moto, yakatoa rangi. Maji hayo yakitiwa limau huzidi kuwa mekundu. Yakitiwa maji ya majivu au sabuni hugeuka kuwa ya kijani au ya samawati. Watoto waletee vitu vya nyumbani, kama siki, maziwa yaliyochacha, na chumvi, wavipange katika safu mbili, vyenye asidi na visivyo. Hapo huingia ilimu ya mama wa chapati na mandazi, maana yeye ajua kwa nini unga uliotiwa hamira huumuka mahali pa joto na hukataa kuumuka mahali pa baridi. Aitwe darasani aulizwe. Vivyo hivyo fundi wa baiskeli ajua habari za gia na msuguano, na fundi wa redio ajua habari za umeme. Mtoto amwonapo mzazi wake akiheshimiwa na mwalimu kwa ujuzi wake, ataacha kudhani kwamba sayansi ni mali ya watu wa mbali.

Hapana shaka ziko hoja za kupinga. Ya kwanza ni wingi wa watoto. Darasa la themanini haliwezi kuzunguka meza moja. Lakini laweza kugawanywa katika makundi ya watu sita au saba, kila mmoja na kazi yake: msimamizi, mtunza vifaa, mpimaji, mwandishi, mtunza saa, na msemaji. Kazi hizo zibadilishwe kila wiki, na mwalimu aangalie sana kwamba msichana asifanywe mwandishi siku zote huku mvulana akishika vifaa. Jambo hili hutendeka pasipo mtu kukusudia, na matokeo yake huonekana miaka mingi baadaye, wakati jumuiya itafutapo wauguzi na waganga wa kike isiwapate.

Hoja ya pili ni wakati. Kipindi cha dakika 40 chatosha kikigawanywa vizuri: dakika 5 za swali na ubashiri, 20 za kazi, 10 za mjadala, na 5 za kuandika. Si lazima kila kipindi kiwe cha majaribio. Jaribio moja kwa wiki, likifanywa kwa uangalifu, lazidi kumi ya haraka haraka.

Hoja ya tatu ni lugha. Katika shule za mijini lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na watoto wa Namuwongo hutoka katika nyumba za Kiganda, Kiswahili, Kiacholi na lugha nyingine. Mtoto hawezi kuwaza sawasawa kwa maneno asiyoyajua. Basi waachwe wajadiliane katika kundi kwa lugha waijuayo, kisha waandike matokeo kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Fikra itangulie, na neno la kigeni lifuate.

Hoja ya nne ni fedha, na hiyo ndiyo iliyowaleta wazee katika mkutano huu. Vitu vyote vilivyotajwa, chupa, makopo, mchanga, makaa, mishumaa, maboksi, karkade, hupatikana mtaani kwa bei ndogo au bure. Vinavyohitaji kununuliwa ni vichache: vipima joto, dira, mizani ndogo, vioo vya kukuzia, sumaku, na tepu za kupimia. Shule moja moja hulemewa navyo. Jumuiya yaweza kununua sanduku moja, likatunzwa mahali pamoja na mtu mwaminifu, likazunguka shule na madrasa kwa zamu, na daftari la kutia sahihi wakati wa kulichukua na kulirudisha. Haba na haba hujaza kibaba. Aidha walimu wa sayansi wa mtaa wakutane mara moja kila mwezi, kila mmoja alete jaribio moja lililofaulu na moja lililoshindwa, maana lile lililoshindwa hufunza zaidi.

Wazazi nao wana sehemu yao, wala haihitaji shilingi hata moja. Mtoto arudipo kutoka shule, asiulizwe tu amepata alama ngapi. Aulizwe leo amelijaribu nini, na ameona nini. Na akisema nyumbani kwamba maji haya meupe hayajawa salama, yachemshwe kwanza, asigombezwe kwa kujifanya mwalimu wa wakubwa. Mwaka 1854 tabibu John Snow alichunguza katika mtaa mmoja wa London nyumba zilizokufa watu kwa kipindupindu, akaona zimekusanyika karibu na pampu moja ya maji. Akawashawishi wakuu wa mtaa waung'oe mpini wa pampu hiyo, na baadaye akayaonyesha hayo katika ramani. Watoto wa Namuwongo waweza kuchora ramani kama hiyo: mabomba, chemchemi, vyoo, mitaro, na nyumba zilizoingiwa na maji katika mvua zilizopita. Ramani hiyo ikiletwa mbele ya baraza la mtaa, itakuwa ni sayansi, na itakuwa pia ni hoja ambayo wakubwa hawawezi kuipuuza kwa urahisi.

Shule ya Namuwongo isingoje maabara ndipo ianze. Maabara na itafutwe, iombwe, ichangiwe, maana ni haki ya watoto hawa kama ilivyo haki ya watoto wa vilimani. Lakini mvua za masika hazingoji, wala mtoto wa darasa la tano hangoji. Mwaka ukipita amekwisha kuwa wa darasa la sita. Penye mwalimu anayeuliza "Tutajuaje?", na mzazi anayetaka kusikia jibu, chupa iliyokatwa kitako yatosha kuanzia kesho asubuhi.

Wabillahi tawfiq.